Jicho la Mama Khavere

Juzi nilisoma onyo dogo kwenye pakiti ya biskuti, kwamba huenda ndani mna karanga, na papo hapo nikanusa mchuzi wa uyoga jikoni kwa nyanya yangu nilipokuwa mtoto, kando ya msitu wa Isecheno.

Siku ile mgeni wetu alikuwa Mzungu aliyekuja kuchunguza ndege. "Mimi karanga hapana kabisa," alisema, akijishika koo. Nyanya akaondoa bakuli la karanga, akampakulia ugali na uyoga. Alipomeza tonge la kwanza, jirani yetu Mama Khavere alisimama mlangoni.

"Hodi! Mnakula nini kinanukia hivyo?" Akaitazama sahani.

Midomo ya mgeni ilivimba. Pumzi yake ikaanza kulia kama filimbi. Alipapasa mkobani, akajidunga pajani kitu kama kalamu, na pumzi ikarudi polepole. Lakini sisi tulikuwa tumemgeukia Mama Khavere. Tulijua wapo watu ambao wakitazama chakula chako, kinakudhuru.

"Nenda nyumbani," Nyanya alimwambia kwa sauti ya chini. Nyuma yake kinu kilikuwa bado kinanukia karanga alizotwanga asubuhi kukoleza mchuzi, kama alivyofanya siku zote.

Habari zilienea. Baadaye nilitumwa kwa Mama Khavere kuomba moto, nikamkuta akimlisha mjukuu wake uji. Alikuwa amefumba macho kabisa, na kijiko kilikuwa kikipapasa shavu la mtoto, kikitafuta mdomo.