Mbwa wa Mashuuru Atafutiwa Cheti

Nilipopata kazi ya unesi Ujerumani, dada yangu mkubwa aliniuliza mbwa nitamwachia nani. Nikamwambia simwachii mtu, naenda naye. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Watu wanaacha watoto hapa wakatafute kazi, na wewe unabeba mbwa?"

Mbwa huyo nilipewa na nyanya mmoja kule Mashuuru, nilipokuwa nesi wa pekee kwenye zahanati. Nilikuwa nimemzalisha binti yake, na siku ya tatu akaja na kitoto cha mbwa ndani ya shuka. Kwa miaka sita mbwa huyo alitembea nami kila boma nililokwenda kuchanja watoto. Siku tuliyokutana na fisi kwenye korongo, hakukimbia. Kovu liko shingoni mpaka leo. Nilipohamia Kitengela, tulihama pamoja.

Nikampeleka kliniki ya wanyama pale mjini na kitabu chake cha chanjo, nikiamini mambo yetu yako sawa. Daktari, mwanamke kijana mwenye haraka, alikipekua akakifunga.

"Ako na chanjo ya kichaa, lakini hana chipu, ile ya namba inayowekwa chini ya ngozi ya shingo. Kule wanataka chipu kwanza, ndio chanjo ifuate. Hii yenu haihesabiwi."

"Kwa hivyo?"

"Tunaanza upya. Chipu na chanjo leo. Baada ya siku thelathini tunatoa damu, inapelekwa maabara ya ng'ambo kupima kama chanjo imeshika. Majibu yakiwa mazuri, bado unangoja miezi mitatu tangu siku ya kutoa damu."

Safari yangu ilikuwa imebakiza wiki sita. Nilimtazama mbwa, naye akanitazama.

"Mdunge," nikasema.

Siku hiyohiyo niliandikia hospitali iliyoniajiri, nikaomba tarehe isogezwe. Walikubali, lakini wakasema hawatasogeza tena.

Majibu ya damu yalirudi mazuri. Wakati tukingoja miezi ipite, fundi seremala alinitengenezea kreti ya safari. Nilimpima mbwa akiwa amesimama, maana ni lazima aweze kusimama na kugeuka humo ndani. Mwanzoni alikataa kabisa kuingia. Nikawa namwekea ugali wake mlangoni, kesho yake ndani kidogo, halafu mwisho kabisa. Baada ya wiki mbili alilala humo bila kuambiwa.

Kilichobaki kilikuwa cheti cha afya, ambacho hutolewa na daktari wa mifugo wa serikali siku chache tu kabla ya kusafiri. Tulifika ofisini kwake Kajiado tukakuta hayupo.

"Ameenda kuchanja ng'ombe," karani akasema. "Rudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo ndege itakuwa imeenda. Niambie ni wapi."

Nilikodi gari, tukamkuta daktari katikati ya vumbi na msururu wa ng'ombe.

"Sopa, daktari," nikamsalimia kwa Kimaasai, nikamweleza shida yangu.

"Epa. Utangoja, mama. Msaidizi wangu hakuja, na hawa wote lazima wachanjwe leo."

Nikamfunga mbwa kivulini, nikakunja mikono ya sweta. "Mimi ni nesi. Nipe hizo sindano nizijaze."

Tulifanya kazi mpaka saa tisa, mgongo ukiniuma, wenye ng'ombe wakinicheka kila niliporuka teke. Ng'ombe wa mwisho alipotoka, daktari alinawa mikono akampima mbwa. Vidole vyake vilisimama shingoni.

"Hii ni nini?"

"Fisi."

Akampapasa kichwa. Gari nililokodi lilikuwa limeshaondoka, kwa hivyo alitubeba kwenye pikapu yake hadi ofisini, akaandika cheti na kukipiga muhuri kabla ya kunawa uso.

Dada alitusindikiza uwanja wa ndege. Alipokuwa anaaga, aliinama kwenye kreti akamwambia mbwa kwa sauti ya chini, "Umwangalie huyo."

Kule Ujerumani, afisa alipitisha kifaa juu ya shingo ya mbwa, akalinganisha namba na karatasi, moja baada ya nyingine. Halafu akanirudishia faili na kutuonyesha mlango.

Nje kulikuwa na baridi ya ajabu. Nilifungua kreti kwenye nyasi. Alitoka, akajinyoosha, akakojoa kwa muda mrefu sana, nami nikasimama pale nikicheka peke yangu, machozi yakinitoka.