Velo ya Bushoni Tano

Enzi zetu pale Beni, bushoni haikuwa takataka. Nyinyi mliokulia mbali mnaiita kizibo: kile kifuniko cha bati cha chupa ya soda, ambacho leo mtoto anakikanyaga bila hata kukitazama. Sisi bushoni tuliichezea dame, ile drafti, kwenye kipande cha karatoni, mmoja kaziweka chali, mwingine kifudifudi. Tuliitoboa kwa msumari na kuivisha waya, ikawa kayamba ya kwaya ya watoto pale paroasi, parokiani kwetu. Mama naye alizigongomea kwenye ubao mbele ya mlango, tupanguse matope kabla ya kukanyaga sakafu yake. Wa rika langu mnaukumbuka ubao ule. Ulichuna nyayo, mama yangu wee! Na ole wako uuruke.

Ilikuwa miaka ya vita. Njia ya Goma ilikatika, ya Kisangani ilikatika, na kila kitu kilitufikia kwa malori ya Kasindi kutoka ng'ambo ya mpaka: sabuni, chumvi, daftari, soda. Shule tulisoma kwa vipande. Risasi zikisikika upande wa Mbau, mwalimu alifunga kitabu bila haraka, akafuta ubao, akasema, "Batoto, kila mutu kwao, hapana kukimbia." Nasi tukapita katikati ya miti ya kahawa, tumeinamisha vichwa, huku tukiendelea kubishana nani alishindwa nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu, wakati wa mapumziko. Watoto wa leo simu ikizimika chaji wanalia kama wamefiwa. Haya, tuendelee.

Papa alikuwa mtu wa mawese. Alinunua mafuta Mbau akayaleta Beni kwa velo, yaani baiskeli, bidoni mbili kila upande, madumu yale ya mafuta, mguu mmoja wa suruali ameukunja usiliwe na cheni. Siku moja akarudi kwa miguu. Watu wenye bunduki walimkuta njiani, wakachukua velo, mafuta, na hata viatu. Mama alipiga magoti akamshukuru Mungu kwamba mwenyewe amerudi mzima. Papa alikaa kwenye kigoda akiitazama pampu ya velo, ambayo siku hiyo alikuwa ameiacha nyumbani.

Baada ya hapo akawa anabeba bidoni moja moja mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba kuni. Wanaume wenzake walimcheka. Goti la kulia likaanza kuvimba. Jioni moja tukila bugali na sombe, kisamvu kile, akasema bila kumtazama mtu, "Noeli ikifika na velo hapana, mie naenda ku zahabu." Mama aliacha kutafuna. Jirani yetu alikuwa ameenda kwenye machimbo hayo ya dhahabu, kule ndani porini, na kilichorudi kwao ni mabuti yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, mdogo wangu Kavira minane, na tangu jioni ile hatukuwa na wazo jingine ila velo.

Ndipo zikaja soda za picha. Ukibandua ule mpira mwembamba ndani ya bushoni, chini yake unakuta picha ndogo nyekundu: gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, kiti, pedali, au gidoni, yaani usukani. Dereva mmoja wa lori la Kasindi alisema ukitimiza tano, wanakupa velo nzima. Tangazo lenyewe hatukuliona hata siku moja. Tulilipokea neno la dereva kama Injili, kisha kila mtaa ukaongeza sheria zake: mtaa wa juu walisema bushoni isiwe na kutu, mtaa wa chini wakasema lazima uipeleke na chupa yake. Na wote tuliamini.

Mimi na Kavira tulihamia kwa Tante Kavugho, dada yake Papa, aliyekuwa na restora ya mbao karibu na soko. Pale walikula wenye mishahara, au waliowahi kuwa nayo: makarani, walimu, wanajeshi kutoka mikoa ya mbali. Harufu ya makayabu ya kukaanga ilikutoa udenda tangu njiani, ila sisi hatukwenda kwa ajili ya samaki. Tuliingia chini ya meza. "Mwee batoto, mutoke mu miguu ya batu!" Tante alipiga kelele. "Munataka baseme restora yangu iko na panya?" Lakini akifungua soda, bushoni aliitupa makusudi upande wetu, akijifanya hakuona. Tulibandua kwa meno. Jino langu hili la mbele lililomeguka, ndiyo hadithi yake.

Papa alitucheka. "Velo ya mutu muzima hapana toka mu chupa," alisema. Ila nilimwona akija kutoka Mbau, amelowa jasho, anasimama kando ya njia na kuinama polepole kwa lile goti bovu. Akafika, akafungua kiganja, akatupatia bushoni mbili. Magurudumu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma tulikuwa nayo kopo zima, viti tele, pedali mpaka basi. Gidoni hakuna. Beni yote hakuna.

Gidoni alikuwa nayo Ajida. Huyu alikuwa ajida wa jeshi, cheo cha chini ya afisa, mrefu, mtu wa Kasai, aliyekunywa soda moja tu kila Jumapili baada ya misa, kwa sababu mshahara ulikuwa haujamfikia tangu wamlete kwetu. Siku hiyo alibandua mpira, akatazama, akatabasamu. "Petite, yaka, njoo," aliniita. "Ni hii unalilia?" Nikanyoosha mkono. Akafunga kiganja. "Te, te. Bure hapana. Uko na nini?"

Nilikuwa na kuku. Kuku mwekundu, wangu mwenyewe, niliyepewa na marena wangu, mama wa ubatizo, siku ya komunio ya kwanza. Nilimlisha mchwa kwa mkono na alinifuata mpaka chooni. Ajida alisema kwa sauti ya chini, kama anaona haya, "Kwetu mama alifuga kuku. Nikiisikia asubuhi, nitawaza niko kwetu." Kavira alinivuta gauni: "Yaya, dada yangu, usimutoe!" Nilimtoa. Nililia njia nzima ya kwenda na njia nzima ya kurudi, na gidoni nimeibana mkononi mpaka meno yake ya bati yakanichora.

Papa alipoziona tano zimepangwa mezani, hakucheka. Alimwuliza Mama kuku yuko wapi. Mama akamwonyesha gidoni. Papa akaomba kitambaa, akazifunga, na kesho yake akapanda juu ya lori la Kasindi katikati ya magunia. Siku mbili tulikaa barabarani. Kavira alikuwa ameisafisha ile pampu kwa mafuta ya mawese, inang'aa.

Siku ya tatu alishuka bila velo, zile tano bado zimefungwa kitambaani. Hakutuficha kitu, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alichuchumaa mbele yetu, goti limemkataa, akasema, "Banangu, huyu mchezo huko kwao ulikwisha zamani. Velo batu walishapewa, bamemaliza. Soda zilizobaki ndizo banatuletea sie, sababu hapa vita imetufungia njia, tunakunywa chochote." Mwenye depo, lile ghala la soda kule Kasindi, alikuwa amempa pole na chupa moja ya soda. Tuliigawana wanne. Ndani ya bushoni yake kulikuwa na gidoni.

Nilikasirika, jamani! Nilimkasirikia dereva, Tante, Ajida, hata Mungu, nikaja kuungama Jumamosi. Ajida habari zilimfikia. Alikuja kwetu bila bunduki, kofia ameibeba kwa mikono miwili, na ndani yake mayai matatu. "Kuku yako imetoa," alisema. "Mie hapana jua. Ningejua..." Mama alimwambia "wasingya," ahsante kwa Kinande, akampa kiti. Na tangu hapo mayai yakawa yanakuja kila Jumapili, mpaka walipompeleka kituo kingine, akamrudisha kuku mwenyewe, amenenepa kuliko alivyoondoka.

Wiki chache kabla ya Noeli ndugu za Mama walifika kutoka Luofu, wamekimbia na godoro moja. Papa akaongeza chumba cha mbao, na ukuta wake akaufunika kwa bashi, turubai lile la wakimbizi. Bashi ukiligongomea msumari mtupu linachanika kwa upepo, kwa hiyo fundi yeyote wa kwetu anatanguliza bushoni, msumari unapita katikati. Akaomba kopo letu. Kavira alisema sawa, ila zile tano zikae pamoja, karibu na mlango, picha nje. Papa akagonga gurudumu, gurudumu, kiti, pedali. Gidoni aliigeuzageuza kati ya vidole, kisha akaitia mfuko wa shati. "Hii nabeba mie," alisema. "Hapo muache vile."

Januari akaenda ku zahabu. Pale pa gidoni pakabaki wazi, bashi likapigapiga, na mvua ikija upande huo maji yaliingia. Mjomba alitaka kupagonga bushoni nyingine. Mama akamnyang'anya nyundo. "Hapo hapana guswa," akasema, akaenda kuleta ndoo. Miaka miwili aliweka ndoo pale.

Mwanangu, anayesoma Butembo sasa, nikifika hapa huniuliza, "Sasa Mama, ilifaa nini?" Yeye na wenzake wanakwaruza namba ndani ya kifuniko, wanaituma kwa simu, wakikosa wanatupa na kusahau palepale. Hawaumii jino. Hawatoi kuku. Siwalaumu, maskini, wanacheza peke yao, kila mtu na kioo cha simu yake, na hakuna Tante wa kuwafukuza chini ya meza. Natamani ile harufu ya makayabu. Simtamanii mtoto wangu vita, Mungu apishe mbali, lakini namtamania mtu wa kuinama njiani na goti bovu kwa ajili yake.

Kuhusu kufaa, namjibu hivi. Mwaka wa pili wa ile ndoo, tulikuwa tunatoka shule, mimi na Kavira, tukaona mtu anakuja kwa barabara ya Mbau, anachechemea, amekonda, ndevu zimemjaa. Kavira hakumtambua. Mimi niliona mkono umeshika mfuko wa shati. Hakutusalimu, hakuuliza chakula, alikwenda moja kwa moja ukutani, akatoa bushoni iliyosuguliwa na vidole mpaka picha haionekani, akasema, "Nyundo iko wapi?" Mama alimletea. Akagonga mara tatu. Jioni ile mvua ilinyesha upande wa mlango, na Mama hakutafuta ndoo.