Alinipigisha magoti kwa kosa lake, anasema ni kwa faida ya bote

Admin, ficha jina yangu, lakini maneno uyaache vile naandika. Mi ni mama wa miaka thelathini na tatu, mutu wa Bukavu, niko na bwana na batoto, tunaishi hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi. Kazi yangu ni kushona bikwembe, njo bitenge, tangu usichana, na ninaijua. Musinione najisifu. Niko na hasira.

Hapa kambini tuko na atelie ya bamama. Prezidanti wetu nitamuita Mama Furaha, haiko jina yake. Nilipofika Malawi sijui mutu, yee njo alinipokea, tukalala chumba kimoja, batoto bangu banamuita maman mukubwa. Kule nyumbani alikuwa mwalimu. Kila tukikusanyika anatufundisha: "Kuna bantu banasema kila mutu atafute faida yake kwanza, mengine yatajitengeneza. Na kuna banasema tendo zuri ni lile linasaidia bengi, hata kama mumoja anaumia. Sisi bakimbizi tufuate ya pili, juu ile ya kwanza njo ilitufukuza mu inchi yetu." Tunapiga makofi. Mi njo nilikuwa napiga ya nguvu kupita bote, mujinga mi.

Sasa sikieni. Mama mumoja wa Area 18, kule Lilongwe, mwenye kutupatia kazi mingi, alileta kitambaa cha kushonea basichana ba kusindikiza bibi harusi. Kilikuwa na ndege, na ndege zote zinaangalia upande moja. Kila fundi anajua: kitambaa ya vile haukikunje tu na kukata, juu upande moja ndege zitasimama kichwa chini. Mi nilikuwa Madisi, nimepeleka nguo zetu sokoni. Kurudi, nakuta Mama Furaha mwenyewe ameisha kukunja na kukata yote. Nikamwambia, "Dada, migongo yote ndege ziko kichwa chini!" Akacheka. "Nani anaangalia mugongo siku ya harusi? Mushone." Na kitambaa ingine haikukuwa. Tukashona.

Ee, bantu baliangalia! Si munajua harusi, kuna bale banakuja kula na kuchunguza tu. Yule mama akatuita kwake. Mama Furaha akaniambia, "Twende na we. Usiongee, Chichewa haujui. Tukifika upige magoti, useme zikomo, njo asante yao, hapa bamama njo banasalimiaka vile." Mi nikafurahi kupelekwa, nikavaa kikwembe changu kizuri. Tukafika, nikapiga magoti. Yee akaongea, akaongea, ananionyesha na mukono. Na mi pale chini nacheka: zikomo, zikomo. Yule mama akatikisa kichwa, akaingia ndani. Nikafikiri ameridhika.

Juzi nikapata nafasi Likuni, pembeni ya Lilongwe, ya kufundisha basichana kushona. Alienitafutia ni Mama Zaina, mama wa Kindu anauza bitambaa, mutu wa swala na wa ukweli. Akarudi kwangu uso umekunjamana. "Dada, banakukataa. Banasema we njo uliharibu nguo za harusi ya Area 18, na ulipiga magoti kuomba musamaha. Yule mama mwenyewe njo anasema. Yule mama tu njo anaweza kukusafisha jina."

Yesu wangu! Nilishikwa na baridi mu jua.

Nikaenda kwa Mama Furaha, niliingia bila hodi. Hakukana hata. Akasema pole pole, sauti ileile ya kutufundisha: "Kama angejua ni prezidanti njo alikosea, angetunyang'anya kazi yote, bamama bote balale njaa. Lakini ukiwa ni we, ni we peke yako." Nikamuuliza, "Mbona haukuniuliza?" Akasema, "Ungekubali?"

Jamani, angeniuliza, labda ningekubali. Bale bamama nabapenda, bengine ni bajane, nsima tunakula pamoja. Njo hiyo inaniuma kupita yote. Kama ni kujitoa, ningejitoa mwenyewe. Yee alinitoa. Na ona, nani amebakia prezidanti? Yee. Nani anasifiwa Area 18? Yee. Yale mafundisho yake mbili, kwangu sasa ni nguo moja, ameigeuza tu ndani inje.

Bwana yangu anasema ninyamaze, ati nikisema atelie itakufa na bamama batanilaani. Mama Zaina anasema nikinyamaza mi njo nitakufa jina ningali muzima. Bote babili banasema kweli, na usingizi umeniisha.

Jumamosi yule mama wa Area 18 anakuja atelie kuleta kazi kubwa ya uniforme za shule. Na jana Mama Furaha alikuja kwangu, ameleta sombe, majani ya muhogo ya kupika, amebeba mutoto wangu mudogo kabisa. Akaniambia, "Dada, Jumamosi ubakie nyumbani, asikuone. Ni kwa faida ya bote."

Musiniambie niombe tu, kuomba naomba. Nishaurini: Jumamosi niende nimwambie yule mama ukweli, ao nijifungie na batoto ndani? Na mwenye kusoma kunishinda anijibu hii moja: hao bote banaosemwa, mi siko mumoja wao?