Samaki wa Unga

Kila Jumatatu Kapya, mfagiaji wa shule ya watoto wadogo katika kambi ya wachimbaji, humwangalia mwalimu wao akikanda unga wa mahindi uliopikwa, wa watoto kufinyangia. Mikono mipana ya mwalimu imepasuka vifundoni. Nusu ya donge huitia mawese, nusu maji ya mboga ya lengalenga nyekundu, kisha huonja akiwa amefumba macho. "Mufanye samaki, batoto," husema taratibu. Zamani alitia chumvi kopo zima ili mtoto asimeze. Tangu posho ya unga ya wachimbaji ikatwe, kopo lilikaa bila kuguswa, na Chanda, kitinda mimba wa Kapya, kila Jumatatu alirudi nyumbani bila kulilia chakula.

Jumatatu moja mkaguzi wa shule aliingia akakuta meza tupu. "Citoyenne, samaki iko wapi?" alimuuliza mwalimu.

"Balikula, citoyen." Mwalimu alikuwa akipangusa vidole, kimoja kimoja.

"Utie chumvi. Ile iko ya kuchezea."

Jumatatu iliyofuata mwalimu aliitia chumvi, mkaguzi amesimama mlangoni. Mwalimu akaonja, akafumba macho, akakawia kuyafumbua. Kapya aliegemea ufagio wake. Watoto walifanya samaki, wakawala, machozi yakiwatoka kwa ukali wa chumvi, Chanda naye. Hakuna hata mmoja aliyetema.