Siku Mshale wa Mizani Ulipocheza

Katika kituo cha kupimia majani chai huko Kimulot, kila mtu anajua kwamba Mama Janeffer hana mchezo na kilo zake. Gunia lake likitundikwa kwenye mizani, macho yake huganda kwenye mikono ya karani Onyiego.

Siku moja mshale wa mizani ulianza kucheza.

"Onyiego, toa mkono!" akafoka.

"Mikono yangu hii hapa, mama!" Karani aliinua yote miwili juu.

Mara mabati ya paa yakalia, sakafu ikayumba, na wote wakatimua mbio hadi katikati ya michai.

Ardhi ilipotulia, Onyiego akawaeleza, huku akihema, kwamba huko chini miamba husukumana miaka na miaka, na siku miamba hiyo inapoteleza ghafla, mtikisiko wake hufika mbali.

"Na hiyo miamba inataka kilo zangu za nini?" Mama Janeffer akauliza. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akadai gunia lipimwe upya.

Siku hizi mshale ukitikisika, Mama Janeffer hutazama paa kwanza. Akiona limetulia tuli, ndipo anaigeukia mikono ya Onyiego.