Mahindi ya Chifu

Chifu alituita barazani hapa Moiben, akatusomea barua ya serikali: mtoto asifanyishwe kazi saa za masomo, na mzazi atakayemtoa shuleni atashtakiwa. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu mjukuu wangu alikuwa darasa la saba na mtihani umekaribia.

Wiki hiyo hiyo nilimpelekea uji shuleni nikakuta darasa tupu. Wote walikuwa shambani kwa chifu, wanavuna mahindi. Mwalimu wao amekalia gunia.

“Leo wanajifunza kilimo, Mama.”

“Na watoto wa chifu, wao hawajifunzi?”

Akacheka. “Hao wako bodingi Eldoret.”

Nikamshika mjukuu wangu mkono, tukaondoka. Kesho yake chifu akaniita ofisini, akasema nimemtoa mtoto masomoni na barua inataka nishtakiwe. Nikamwambia sawa, nishtaki, lakini kwanza uisome tena barazani, yote, watu wasikie.

Hakuisoma mpaka akastaafu. Mjukuu wangu hakupelekwa shambani tena. Wenzake waliendelea kuvuna, na wazazi wao, wakiitwa barazani, waliendelea kupiga makofi. Hao ndio sijawasamehe.