Mashuka Yaliyotoboka

Nilipofanywa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali moja ya Nairobi, nilikuwa nimeshafua hapo miaka sita na miguu yangu ilikuwa imeanza kuvimba. Hiyo ni miaka ya sabini. Aliyenitangulia alikuwa mzee mkali, na usimamizi niliujua kwa kumtazama yeye tu: unapita kati ya masinki ukipaza sauti. Chini yangu walikuwa wanawake wanane, wengi wapangaji wa Kibera waliotoka Magharibi au upande wa ziwa. Mimi nilikaa Kawangware, kule Gatina. Kila asubuhi nilifika nimechoka, nikapaza sauti hivyo hivyo.

Mwezi wa pili mashuka yakaanza kutoboka. Yalitoka majini meupe kabisa, lakini ukiyakunjua unaona matundu kama yametafunwa na panya. Matroni, mkuu wa wauguzi, akaniita mara mbili. Nikaamua kwamba mwenye makosa ni mama mmoja wa Mashimoni, huko Kibera, kwa sababu ndiye aliyetia dawa ya kung'arishia, na kwa sababu alikuwa mtu wa kununa. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba nitampeleka ofisini.

Akajifuta mikono kwenye aproni. "Sawa, nipeleke. Lakini hujaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kitu chochote. Tangu ushike hii kazi hujawahi kuniuliza kitu."

Sikuwa na nguvu za kugombana. Nikamwuliza mashuka yanatobolewa na nini. Akanipeleka kwenye pipa. Dawa iliyoletwa siku hizo ilikuwa kali kuliko ile ya zamani. Ilikuwa imemchubua vidole, akanionyesha. Lakini mkebe wa kupimia ulikuwa ule ule, na amri ilikuwa mikebe miwili. Wenzake wote walijua.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia saa ngapi, mama?" mwingine akajibu, bila hasira. "Ukiingia ni kelele mpaka jioni."

Tukapunguza dawa, na matundu yakaisha. Nilimwomba yule mama msamaha mbele ya wale wale ambao nilimwaibisha mbele yao. Akaitikia kwa kichwa tu, akarudi kwenye sinki.

Tangu hapo, kabla ya kufungua mifereji, niliuliza: leo kuna nini? Nilidhani kuuliza ni kazi nyepesi kuliko kupiga kelele. Sivyo. Ukishauliza lazima usikilize, na ukisikiliza huwezi kujifanya hujui. Waliniambia foleni ya maji kule kwao Kibera ndiyo huwachelewesha, si usingizi kama nilivyoamini. Nikakubali waingie nusu saa baadaye, nami nikawa nawasha moto wa maji peke yangu. Kwa hiyo nikaondoka Gatina mapema zaidi. Mume wangu aliponiuliza jioni kazi imekuwaje, nilimwomba asiniulize kitu.

Halafu mwezi wa saba yule mama wa Mashimoni akasema chumba cha kukaushia kina unyevu, heri tuanike nje. Mimi sikuamini, kwa baridi ile. Lakini nilikuwa nimechoka kujidai najua, nikasema tujaribu. Manyunyu yakaanza saa nne na hayakukatika. Wadi mbili zikakosa mashuka. Matroni akashuka mwenyewe, akataka kujua wazo lilikuwa la nani.

"Langu," nikasema.

Yule mama aliniangalia, kisha akaanza kukamua mashuka yaliyolowa.

Kesho yake niliuliza kama kawaida: leo kuna nini? Maji yalikuwa yameanza kuchemka.

"Hata leo unauliza?" yule mama akasema.

"Hata leo."

Akafikiri. "Basi tuanike nusu ndani, nusu nje. Na mtu mmoja akae huko nje aangalie mbingu."

"Nani?"

"Wewe. Sisi tuna kazi."

Wengine wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Nikatoka, nikasimama karibu na kamba, miguu ikiniuma, nikitazama mawingu yakisogea kutoka upande wa Ngong. Siku ile mvua haikunyesha. Mashuka nayo hayakukauka sawasawa, na asubuhi iliyofuata tukaanza tena kuulizana.